Shingo ya Mshona Nyavu

Ukishuka pwani ya Msasani mchana, wavuvi wakiisha kuuza samaki wao, utawakuta wengine wameketi kivulini wakishona nyavu. Wavu u mapajani, kidevu kimekaribia kifua, na hivyo ndivyo mtu akaavyo saa nzima, pengine saa tatu. Hapana amhurumiaye, maana hakubeba kitu. Sisi twamhurumia mama apitaye na ndoo kichwani.

Kweli, mama huyo naye ana haki ya kuhurumiwa. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na madaktari waliowapima wachukuzi wa Afrika wameona jinsi mizigo ya kichwani inavyochakaza shingo. Walakini mtazameni akitembea: shingo imenyoka kama mlingoti.

Mshona nyavu je? Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 au 5. Kikikaa wima, pingili 7 za shingo hukichukua bila taabu. Kikiinama, nyama za nyuma ya shingo ndizo zikishikazo kisianguke. Mwaka 2014 daktari mmoja wa New York, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu akaona kuwa kichwa kilichoinama sana huilemea shingo kama mzigo wa kilo 27. Basi, yule asiyebeba kitu amempita mwenye ndoo!

Kuinama kidogo hakudhuru. Kinachodhuru ni kukaa vile vile siku nyingi, miaka mingi. Nyama huchoka na kukakamaa. Kichwa huuma kisogoni. Tena umri ukizidi, gegedu laini zilizo kati ya pingili huweza kuchakaa na kubana mishipa ya fahamu iendayo mikononi. Hapo vidole hufa ganzi, na mshona nyavu asiyeisikia sindano yake atalisha watoto kwa nini? Fundi cherehani yumo katika hatari hiyo hiyo, hata na kijana aishiye ameinamia simu.

Wengine humwachia kinyozi awanyonge shingo mpaka ilie “ko!” Wanasema wanapata nafuu. Jamani, mshipa wa damu uendao kwenye ubongo waweza kupasuka kwa mchezo huo, mtu akapooza.

Ganzi ya mikono isiyoisha, au miguu kulegea, si jambo la kungojea. Mgonjwa apelekwe hospitali. Pale pale Msasani iko hospitali ya CCBRT, na Muhimbili iko Taasisi ya Mifupa. Maumivu madogo mara nyingi hupungua kwa mazoezi, na kwa kuinuka kila nusu saa kunyosha mabega. Usiku mto mmoja watosha.

Mizigo ya maji igawanywe, au itumike mzega kama wazee wetu. Na wavu usitandazwe chini daima: utundikwe katika tawi au mti uliosimikwa, usawa wa kifua, fundi ashone huku amesimama.