Joto la Mombasa Haliishi kwa Kupunguza Nguo

Mtu wa bara anayejiandaa kwenda Mombasa mwezi Februari au Machi hufunga mkoba wake kwa hesabu moja tu: kule kuna joto, kwa hiyo nguo ziwe chache, fupi, na za kushika mwili. Kaptura mbili, vesti, fulana za kubana, na jinzi ya safarini. Hesabu hiyo ni ya makosa, na kosa lake linatokana na kutolielewa joto lenyewe. Nguo inayomfaa mgeni wa pwani ni ile ndefu, pana na nyepesi, na sababu zake ni za kimwili kabla hazijawa za adabu.

Ngozi ya binadamu kwa kawaida huwa na nyuzi kama 34 au 35 za Selsiasi. Mombasa, hata katika miezi yake mikali, mchana hufika nyuzi 32 au 33 hivi. Maana yake hewa ya Mombasa si ya moto kuliko ngozi ya mtu. Lodwar ina joto kali zaidi. Kinachomchosha mgeni ni unyevu na jua. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoa takriban kilokalori 580 za joto, na hakuna kiyoyozi cha mwili kinachoshinda hicho. Lakini jasho linalotiririka na kudondoka chini halijapoza kitu. Pwani hewa imeshiba maji, jasho hukauka polepole, na tabaka la hewa iliyogusana na ngozi hujaa mvuke upesi. Dawa pekee ni kuiondoa hewa hiyo na kuingiza nyingine. Fulana ya kubana huifungia hapohapo, ikalowa, ikagandana na mgongo, na baada ya siku mbili tatu vipele vya joto vinatokeza kwapani na kiunoni. Itazame kanzu, kwa upande mwingine: imeshikwa na mabega tu, haigusi kiuno, mikono yake ni mipana, na upindo uko wazi chini. Kila hatua anayopiga mvaaji, kitambaa huvuta hewa kutoka chini na kuisukumia nje shingoni na mikononi. Dera la kitambaa chepesi hufanya kazi hiyohiyo, na upepo wa kaskazi ukivuma hufanya vizuri zaidi.

Wako watakaosema kwamba kama ni suala la hewa, basi ngozi tupu ndiyo inayopata hewa nyingi kuliko yote. Ni kweli, ila kivulini. Barazani, au chumbani chini ya feni, kikoi kiunoni kinamtosha mwanamume, na wenyeji hufanya hivyo kila siku. Juani hesabu inageuka. Mombasa iko nyuzi nne kusini mwa ikweta. Mwezi Machi, na tena Oktoba, jua la mchana husimama karibu wima juu ya utosi, na miale yake ya urujuanimno hupita masafa mafupi angani kabla ya kumfikia mtu. Mchanga mweupe nao huirudisha sehemu yake kutoka chini. Bega lililo wazi hupokea joto la jua moja kwa moja. Bega lililofunikwa na pamba nyepesi huliachia kitambaa, na upepo ukakipoza. Ngozi nyeusi ina kinga yake dhidi ya kuungua, lakini haizuii mwili kupata moto, na kwa mwenye ualbino mikono mirefu na kofia ya ukingo mpana si jambo la hiari hata kidogo.

Hoja ya buibui jeusi ina uzito zaidi, kwa kuwa rangi nyeusi hunyonya joto. Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti kuhusu majoho ya Mabedui jangwani. Uligundua kwamba joto la ziada lililonyonywa na joho jeusi lilipotelea hewani kabla ya kufika kwenye ngozi, kwa sababu vazi lilikuwa pana na upepo ulipita ndani yake. Jangwa si pwani, na mimi bado ningemshauri mgeni achague rangi za kupauka. Hata hivyo utafiti ule unaonyesha kwamba upana wa vazi unaweza kufuta madhara ya rangi. Kuhusu fulana za michezo za nailoni na poliesta, sifa yao ya kukauka haraka ni ya kweli, na anayekwenda kukimbia ufukweni azivae. Kwa kutwa nzima mjini, zikibana zina tatizo lilelile, na harufu ya jasho huzishika upesi.

Kuna faida ambayo wengi hawaihesabu. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi, huuma mchana, na hupenda vifundo vya miguu. Mombasa ilikumbwa na mlipuko wa dengi mwaka 2013. Suruali pana ndefu, pamoja na dawa ya kupaka, inamkinga mtu saa ambazo chandarua hakimsaidii. Vazi hilohilo linamruhusu kupita Mji wa Kale bila kuwakwaza wenyeji.

Mkoba wenyewe basi hauhitaji mengi: suruali mbili za pamba au kitani, mashati mapana ya mikono mirefu, dera au mawili, kofia, na makubadhi au ndara. Viatu imara vya plastiki viwepo kwa ajili ya kutembea mwambani maji yakitoka, kwani matumbawe hukata. Doti ya kanga hufanya kazi ya taulo, shuka na mtandio, na hukauka upesi ikianikwa. Kwa kuogelea, fulana ya mikono mirefu ya kuingilia majini huokoa mgongo wa anayekaa kifudifudi akitazama samaki. Kuanzia Juni hadi Agosti, kusi inapovuma, ongeza sweta moja nyepesi ya jioni. Nguo mbichi za baharini zitiwe kwenye mfuko wa kitambaa, kwa kuwa Kenya imepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Agosti 2017. Jinzi ibaki bara: ikilowa huchukua muda mrefu kukauka katika hewa ile, na ikikunjwa mbichi huvunda.