Mtoto akiandika hadithi, mwulize mhusika anafanya nini

Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 11, aliniletea daftari nimsaidie hadithi fupi ya shuleni. Alimwandika bibi yake, yaani mama yetu, ambaye alikaa naye likizo nzima baada ya baba kufariki. Sentensi ya kwanza: Bibi alikuwa na huzuni sana. Ya pili ilirudia hayohayo, ya tatu ikaleta methali.

Mimi huandika habari za afya, si hadithi. Lakini mmoja wa mabingwa wa hadithi fupi, Mrusi Anton Chekhov, alikuwa daktari. Alihitimu Moscow mwaka 1884 na akaendelea kutibu wagonjwa huku akiandika. Mwaka 1886 alimshauri kaka yake kwa barua asielezee moyo wa mhusika, bali matendo yauonyeshe.

Mwaka huohuo ilitoka hadithi yake kuhusu Iona, dereva wa gari la farasi aliyefiwa na mwanawe wiki hiyo. Tunamkuta amekaa kwenye gari, theluji imemfunika, hata hajitikisi. Anamgeukia abiria, ofisa wa jeshi, amsimulie. Abiria anafumba macho. Vijana watatu wanamfokea aongeze mwendo. Usiku dereva mwenzake anaamka kunywa maji. Iona anaanza kusimulia, kumbe mwenzake ameshalala tena. Mwishowe anakwenda bandani na kumweleza farasi wake, anayetafuna nyasi.

Riwaya ina nafasi ya kusimulia maisha yote ya mtu. Hadithi fupi haina, hivyo mwandishi huchagua kitu kimoja ambacho mhusika anakitaka, kisha humwekea vizuizi. Iona anataka wa kumsikiliza, basi.

Mtoto wa darasa la sita hahitaji theluji. Nilimuuliza tu, “Bibi huwa anafanya nini jioni?”

Akafikiri. “Mamdogo, anapanga vidonge vya presha vya Babu mezani. Halafu anavirudisha kwenye kopo.”

Dada alikuwa anakaanga samaki. Akazima jiko. Tangu msiba, sote tulikuwa tukiambiana kwamba mama amejikaza vizuri.

Mtoto akafuta sentensi zake tatu, akaanza na vidonge. Sikumwandikia hata neno, na nakushauri nawe usimwandikie mwanao. Muulize mhusika anataka nini, nani anamzuia, mikono yake inafanya nini. Methali kama mwalimu anaidai, mwache aiweke.

Kikazi nilipaswa kusema dawa zilizobaki zirudishwe kituo cha afya. Nilinyamaza.

Usiku ule dada alimpigia mama. Hakumuuliza hali, maana jibu lake tunalijua. Alimuuliza, “Mama, vidonge vya baba bado unavyo?” Kimya kikawa kirefu, kisha mama akaanza kusimulia. Waliongea mpaka salio likaisha, nami nikampigia kwa simu yangu.