Kazi na Sauti: Kinga ya Ghasia za Vijana Kibera na Kawangware

Ghasia za vijana katika mitaa ya mabanda ya Nairobi hulipuka zaidi wakati wa uchaguzi, lakini chanzo chake hujengeka miaka yote. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini Kenya na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Kibera iliumia sana: nyumba na vibanda vilichomwa, na reli inayopita mtaani ikang'olewa. Miaka kumi baadaye, mara tu baada ya uchaguzi wa marudio wa tarehe 26 Oktoba 2017, zamu ikawa ya Kawangware. Maduka yaliteketea katika eneo la 56, watu wakauawa, na majirani wa miaka mingi wakaogopana kwa sababu ya kabila.

Siasa si chanzo pekee. Mwishoni mwa 2001, wapangaji na wenye nyumba wa Kibera walipigana kwa ajili ya kodi. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia za 2007 na 2008, ilionyesha jinsi umaskini na ukosefu wa kazi ulivyowafanya vijana kuwa wepesi wa kuingizwa katika magenge, na jinsi wanasiasa walivyoyatumia magenge hayo. Tume hiyo pia iligundua kuwa watu 405 kati ya waliokufa walipigwa risasi, wengi wao na polisi. Kwa hiyo mwenendo wa polisi nao ni sehemu ya tatizo.

Njia ya kuwakodi vijana inajulikana mtaani. Kijana huamkia kwenye mijengo ya mitaa jirani ya Kilimani au Lavington kutafuta kibarua, akakosa, akarudi mikono mitupu. Jioni anakuta mtu anayegawa pesa za siku moja ili mkutano wa mpinzani uvurugwe. Mwenye njaa hana miko. Aliye na duka la kinyozi, pikipiki ya bodaboda au kibanda cha mitumba hufikiri mara mbili, kwa sababu moto ukiwaka mali yake huwa hatarini na wateja wake, ambao ni wa kila kabila, hutawanyika.

Serikali imejaribu mengi. Hazina ya Maendeleo ya Biashara ya Vijana ilianzishwa 2006, mpango wa Kazi kwa Vijana ukafuata 2009, na Hazina ya Uwezo 2013. Asilimia 30 ya zabuni za serikali zilitengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mwaka 2014 Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, iliwaajiri vijana wa Kibera kujenga vyoo, kutengeneza barabara na kuzoa taka, na 2020 ukaja mpango wa Kazi Mtaani. Udhaifu wa mipango ya vibarua ni kwamba huisha upesi na kuwarudisha vijana walikotoka. Mikopo ya Uwezo nayo hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa, hivyo kijana asiye na kikundi wala kitambulisho, ambaye ndiye rahisi zaidi kukodiwa, hubaki nje.

Pesa peke yake pia haitoshi. Mjini Monrovia, Liberia, watafiti waliwafuatilia wanaume 999 waliohusika na uhalifu. Baadhi walipewa dola 200, baadhi mafunzo ya wiki nane ya kuzuia hasira na kubadili mwenendo, baadhi vyote viwili, na wengine hawakupewa chochote. Miaka kumi baadaye, waliopata pesa pamoja na mafunzo ndio waliokuwa wameacha wizi na ghasia kwa kiwango kikubwa zaidi.

Baada ya kazi na mafunzo, jambo la tatu ni sauti. Kifungu cha 55 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali iwawezeshe vijana kupata elimu, kazi na nafasi ya kushiriki katika siasa na maisha ya jamii. Kifungu cha 37 kinalinda haki ya kuandamana kwa amani bila silaha, kwa hiyo maandamano na ghasia visichanganywe. Mtaani, ushiriki huanza na mambo yanayoonekana. Chama cha michezo cha MYSA, kilichoanzishwa mtaa wa Mathare mwaka 1987, huzipa timu pointi kwa kusafisha mtaa. Shirika la Carolina for Kibera, lililoanza 2001, hutumia soka kuwakutanisha vijana wa makabila mbalimbali. Pamoja FM, redio ya Kibera iliyoanzishwa 2007, iliwasihi wasikilizaji watulie ghasia zilipopamba moto.

Ushiriki huo hufaa pale tu unapozaa matokeo. Kijana anayealikwa kwenye baraza la chifu au kikao cha bajeti ya kaunti, akaomba taa za barabarani na maji, kisha asione chochote, hujifunza kwamba kusema ni kupoteza wakati.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027. Kugawa vibarua wiki chache kabla ya kura ni kuchelewa. Kaunti ya Nairobi, wabunge na mashirika ya mitaani waanze sasa: wawasaidie vijana wa Kibera na Kawangware kupata vitambulisho, watoe kazi zinazodumu na mafunzo yanayoandamana nazo, wawape viti halisi kwenye kamati za mitaa, na washinikize wanaowakodi washtakiwe, si waliokodiwa peke yao.