Kwa Nini Wanafunzi wa Famasia Hufundishwa Kuhusu Sumu
Mei 2014, pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa nchini, zikiwemo Embu na Kiambu. Visa kama hivyo ndivyo sababu wanafunzi wa famasia husomea kemia ya uchunguzi wa jinai: hujifunza kupima damu na mabaki ya kinywaji ili kutambua sumu na dawa ya kuizima. Methanoli ni vigumu kuitambua kwa kuonja. Ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, ambayo hupofusha macho na huweza kuua. Dalili huweza kuchelewa hata siku nzima. Mkazi, usingoje: mkimbize mgonjwa hospitalini, ukibeba chupa au mabaki ya alichokunywa.