Je, Wajua? Njiti na Wimbo wa Wazazi

Je, wajua kwamba hata mtoto njiti hutulizwa na muziki? Mwaka 2013, watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watoto njiti 272 katika hospitali 11. Wataalamu wa tiba ya muziki waligonga kisanduku cha mbao polepole kwa vidole, mithili ya moyo wa mama. Wakazungusha pia kingoma bapa chenye chembe za chuma, kinachovuma kama sauti za tumboni. Mioyo ya watoto ikapunguza mbio. Wazazi nao waliombwa wachague wimbo waupendao, hata usio wa kubembelezea mtoto, ukaimbwa taratibu. Watoto wakanyonya vizuri zaidi, na wazazi wenyewe wakapungukiwa na wasiwasi. Sauti yako inakwaruza? Imba tu, ila kwa sauti ya chini.