Ndovu wa Dhauli na Asili Yake Bondeni

Huko Dhauli, mashariki mwa India, ndovu anachomoza kwenye mwamba: kichwa, mkonga na miguu ya mbele, na sehemu iliyobaki ingali jiwe. Alichongwa karne ya 3 kabla ya Kristo, juu ya maagizo ya mfalme Ashoka yaliyoandikwa mwambani. Ni ishara ya Buddha. Zama hizo wachongaji hawakumwonyesha Buddha kwa sura ya mtu. Walitumia nyayo, gurudumu, kiti kitupu, au ndovu, kwani masimulizi yanasema mama yake, Maya, aliota ndovu mweupe akimwingia ubavuni. Ndoto hiyo imechongwa kwenye uzio wa mawe wa Bharhut, pia India.

Aliyezoea ndovu wa Laikipia, hapa Kenya, atagundua kwamba hawa wa mawe ni wengine. Masikio ni madogo, utosi una vinundu viwili, mgongo umebinuka badala ya kubonyea. Ni ndovu wa Asia, Elephas maximus, hata pale anapobeba maana takatifu. Kwenye lango la kusini la mnara wa Kibuddha wa Sanchi, huko huko India, maandishi yanasema nakshi zilichongwa na mafundi wa pembe za ndovu wa mji wa Vidisha. Nawaheshimu mno mafundi hao: waliokuwa wakikata pembe ndio waliompa mnyama mwenyewe uhai katika jiwe.

Na ukoo wa mnyama huyo ulianzia kwetu. Hifadhi ya Ziwa Nakuru haina ndovu, lakini ukielekea kaskazini hadi Milima ya Tugen, Baringo, ndani ya Bonde la Ufa, miamba imehifadhi mifupa na meno ya jamaa zao wa kale. Mbele zaidi, Kanapoi, Turkana, yamepatikana mabaki ya Elephas, jenasi ya ndovu wa Asia, ya miaka milioni 4 hivi. Ndovu wa Afrika, ndovu wa Asia na mamothi aliyetoweka, wote walichipuka barani Afrika.

Kilichowaumba ni nyasi. Nyasi zina chembe za silika, na pamoja na vumbi hulila jino upesi. Mwaka 2013, mtafiti Adrian Lister wa London alionyesha kuwa jamii ya ndovu Afrika Mashariki ilianza kula nyasi yapata miaka milioni 8 iliyopita, ila magego yakachukua mamilioni ya miaka kurefuka. Tabia ilitangulia, mwili ukafuata. Hadi leo ndovu hupata seti sita za magego maishani. Ya mwisho ikiisha, hawezi kutafuna tena.

Baadaye Elephas alitoweka Afrika, akabaki Asia peke yake. Natamani makumbusho ya Hyrax Hill, hapa Nakuru, yaweke gego lake kando ya picha ya Dhauli, mwanafunzi ayahesabu matuta yake kwa kidole.