Msimu wa korosho: Kijana anayeokota naye aone hesabu

KILA ifikapo Oktoba, maghala ya vyama vya msingi vya ushirika katika wilaya za Masasi na Newala mkoani Mtwara huanza kupokea magunia ya korosho. Katika familia nyingi, sehemu ya korosho hizo imeokotwa na vijana wa sekondari, jioni baada ya masomo na siku za mapumziko.

Fedha zikishaingia benki, kijana huyo huona bati jipya likiezekwa, pikipiki ikinunuliwa au sherehe ya jando ya mdogo wake ikiandaliwa. Mara nyingi haambiwi zilipatikana shilingi ngapi, zilikatwa ngapi na zimebaki ngapi.

Wazazi huona ni jambo la kawaida, kwa kuwa mtoto anakula na kuvaa kutokana na shamba hilohilo. Lakini kijana anayefanya kazi msimu mzima bila kuona hesabu hujifunza mambo mawili mabaya. La kwanza, kwamba jasho lake ni mali ya mtu mwingine. La pili, kwamba akitaka fedha yake lazima apite mlango wa nyuma. Na wakati wa korosho mlango huo upo wazi, unaitwa kangomba.

Fedha ya haraka, hasara ya nyumba nzima

Kangomba ni ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi. Mnunuzi hupita mitaani au hujificha nyumbani, hupima kwa bakuli au kopo, hulipa bei ya chini na hutoa fedha papo hapo. Serikali imeupiga marufuku, lakini kila msimu hurudi kwa sababu wapo wenye shida ya haraka, na miongoni mwao wamo vijana.

Kijana anayetaka simu au viatu hana haja ya kwenda mbali. Akificha kilo mbili kila jioni, baada ya siku 20 ana kilo 40. Tuseme kangomba anamlipa shilingi 1,500 kwa kilo, wakati kwenye mnada, baada ya makato, familia ingepata shilingi 3,000. Kijana amepata 60,000, nyumba imepoteza 120,000. Nusu ya thamani imeishia kwa mtu ambaye hakupalilia hata mti mmoja.

Wizi ni wizi, na kijana lazima aambiwe hivyo waziwazi. Lakini fimbo peke yake haimfundishi hesabu hiyo ya 60,000 na 120,000. Mzazi anayeketi naye na kuiandika kwenye karatasi humpa sababu ya kukataa, hata siku ambayo hakuna anayemwona. Kisha mzazi naye ajiulize kama nyumbani kwake kuna njia yoyote halali ya kijana kupata shilingi yake.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mfumo wa stakabadhi ghalani, unaotumika kwenye korosho tangu msimu wa 2007, unampa mzazi wa Masasi na Newala somo lililokwisha kuandaliwa. Kinachotakiwa ni kumshirikisha kijana hatua kwa hatua.

Aanze nyumbani, kwenye kuanika na kuchambua. Korosho zilizokauka vizuri na zisizo na dosari huingia daraja la kwanza, mbovu hushuka daraja la pili na kuuzwa kwa bei ndogo. Kijana akiona tofauti ya bei kwa macho yake, hatahitaji kuhimizwa kuchambua.

Afuate gunia hadi kwenye mizani ya chama cha msingi. Asome kilo zilizoandikwa, azinakili kwenye daftari na aione stakabadhi. Baadaye korosho huunganishwa na za wakulima wengine kwenye ghala kuu na kuingia mnadani chini ya vyama vikuu, MAMCU kwa upande wa Masasi na TANECU kwa upande wa Newala.

Bei ya mnada ikitangazwa, apige hesabu mwenyewe: kilo mara bei, toa makato ya ushirika, ghala, usafirishaji na ushuru. Kisha alinganishe na kilichoingia benki. Mtoto wa kidato cha pili anaiweza hesabu hiyo, na huenda akagundua kosa ambalo mzazi hakuliona.

Bei hupanda, bei hushuka

Somo jingine ni kwamba fedha ya msimu haina ahadi. Mwaka 2017 bei ilifika karibu shilingi 4,000 kwa kilo. Mwaka uliofuata wanunuzi walitoa bei ndogo, na Novemba 2018 Rais John Magufuli aliamua serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300, kazi ya kuzisomba ikapewa jeshi. Baadhi ya wakulima walisubiri malipo kwa miezi. Mwaka 2023 bei ilizunguka shilingi 2,000, na minada ya kwanza ya Oktoba 2024 ilivuka 4,000.

Kijana anayeijua historia hii ataelewa kwa nini baba anakataa kukopa pikipiki kwa matumaini ya msimu ujao, na kwa nini mwaka wa bei nzuri ndio wa kuweka akiba.

Ampe mti, si zawadi

Njia iliyo rahisi ni kumtengea kijana mikorosho miwili au mitatu. Aipalilie, aokote, achambue, na mavuno yake yaandikwe pembeni ingawa yanauzwa kwa jina la mzazi. Miti yake ikizaa kidogo kwa sababu hakupalilia, asifidiwe.

Pasipo na miti ya kutosha, familia inaweza kukubaliana mapema kiasi fulani kwa kila kilo atakazookota. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambao kwa desturi hufuata ukoo wa mama, mjomba naye ana nafasi katika makubaliano haya. Neno lake mara nyingi huingia kwa kijana kuliko la baba.

Jambo la muhimu ni ahadi kutimizwa. Mzazi aliyeahidi 30,000 akatoa 10,000 amemfundisha mwanawe kwamba kangomba ni mwaminifu kuliko yeye.

Kazi isiyo ya mtoto

Kufundisha kazi si kumtumikisha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, isiyodhuru afya wala kuzuia masomo, na inakataza kumwajiri mtoto kazi za usiku. Kupulizia salfa ni kazi ya mtu mzima mwenye kinga. Kubangua korosho nako kuna hatari, kwa kuwa maganda yana mafuta makali yanayounguza ngozi.

Tena, mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, korosho zikiwa zinadondoka. Mwenye mtihani aachwe asome. Gunia moja lililopotea laweza kurudi mwakani, mtihani uliofeliwa gharama yake ni kubwa zaidi.

Binti asisahaulike

Msichana huokota kama kaka yake, kisha hurudi kuchota maji na kupika. Kwenye uwanda wa Newala, ambako maji ni shida ya miaka mingi, kazi hiyo hula saa nyingi. Ikiwa kaka anapewa fungu na yeye hapewi, atamsikiliza mtu wa kwanza atakayemwonyesha noti ya 5,000. Fungu lake liwe sawa, na kazi za ndani zigawanywe na kaka yake.

Fedha ikipatikana, igawanywe mafungu matatu: mahitaji ya shule, akiba na matumizi yake binafsi. Benki kadhaa zina akaunti za watoto zinazofunguliwa na mzazi. Kwenye fungu la tatu, kijana aachwe aamue. Akinunua simu mbovu kwa 40,000 yake, amejifunza akiwa na miaka 15 jambo ambalo wengine hujifunza wakiwa na familia na deni la benki.